Mia Mbili na Mawili

Mama mdogo anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, na kitabu chake cha risiti kina mstari mmoja ambao kwa miaka mingi niliuona usumbufu mtupu. Juu kuna nafasi ya tarakimu: 25,000/=. Chini yake pameandikwa "Shilingi kwa maneno", kisha nukta nyingi za kujazia. Yeye hujaza polepole, kwa mwandiko wa kulala, na kila mara humalizia kwa neno lile lile: tu. Shilingi elfu ishirini na tano tu. Hilo "tu" ni kufuli. Likishakaa hapo, hakuna mjanja wa kuongeza neno mbele yake kwa kalamu yake.

Ilipofika siku akataka risiti zichapwe kwa kompyuta, kazi iliniangukia mimi ninayemwandikia hesabu. Tarakimu hazikunisumbua. Maneno ndiyo yaliyonirudisha shule.

Shule yenyewe ilikuwa benchi nyuma ya duka la nyavu, na mwalimu alikuwa dada mmoja niliyemzidi miaka kumi na mitano hivi, anayejiajiri kwa kuandika programu. Tulianza siku za mbalamwezi. Mtu wa ziwani hahitaji kuelezwa kwa nini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanafuata taa. Mwezi ukijaa, taa inakosa nguvu, wavuvi wengi wanatua wakishona nyavu, na Mwaloni inapunguza kelele zake. Mikokoteni inapungua, makuli wanakaa juu ya magunia wakicheza drafti. Ndizo asubuhi ambazo mtu kama mimi anaweza kukaa kitako saa tatu akitazama mistari kumi na miwili ya programu bila kuitwa.

Ile ya kwanza niliiandika mwenyewe, ikawa mistari sitini na ushee. Kama namba inazidi laki, fanya hivi. Kama inazidi elfu kumi, fanya vile. Nje yake niliweka kasha nililoliita jibu, na kila hatua ilitupia neno lake ndani ya kasha. Risiti ya kwanza ilitoka sawasawa: elfu kumi. Nikafurahi. Ya pili ilipaswa kusoma elfu ishirini na tano, ikasoma "elfu kumi elfu ishirini na tano". Kasha halikuwa limemwagwa.

Mwalimu wangu hakucheka. Alisogeza kompyuta upande wake, akasoma mpaka chini, akasema: "Kaka, fanksheni yako ina kumbukumbu. Nani aliiambia ikumbuke?"

Hapo ndipo nilipopewa somo la kwanza, na lilikuwa fupi. Fanksheni safi hupokea kitu, ikarudisha kitu, basi. Haigusi kasha la nje, haibadilishi kitu cha jirani, haikumbuki mteja aliyepita. Ukiipa 25,000 asubuhi na ukiipa 25,000 usiku wa manane, jibu ni lile lile, hata kama katikati umeipa namba elfu nyingine. Akafuta mistari yangu yote sitini. Nilihisi uchungu kidogo, si haba. Nilikuwa nimeiandika siku mbili.

Kisha akafunga kompyuta kabisa. "Nitamkie hii," akaandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya boksi la nyavu: 347,500.

"Laki tatu, elfu arobaini na saba, na mia tano."

"Umefanyaje?"

Nikajibu kwamba sijafanya lolote, nimesema tu. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekalia pesa zake huku akizitafuta. Akaniomba niseme tena polepole, nikiangalia mdomo wangu mwenyewe. Basi nikaangalia. Kwanza nilitafuta uzito mkubwa kuliko wote unaoingia: laki. Inaingia mara ngapi? Mara tatu. Nikasema laki, nikasema tatu. Kilichobaki ni 47,500. Nikakifanyia nini hicho kilichobaki? Nikakisema. Yaani nikaanza upya kazi ile ile kwa namba ndogo zaidi: uzito mkubwa unaoingia ni elfu, mara arobaini na saba, na ile arobaini na saba yenyewe ilibidi niiseme kwa njia ile ile, arobaini, na saba, kikabaki 500, mia, mara tano, hakikubaki kitu. Nikanyamaza.

Kumbe ndivyo ilivyo. Kusema namba kwa Kiswahili ni kazi inayojiita yenyewe, mara mbili katika kila hatua: mara moja kwa ajili ya idadi, mara moja kwa ajili ya baki. Nimefanya hivyo tangu darasa la kwanza bila kujua. Alipofungua kompyuta tena, aliandika orodha ndogo ya uzito, milioni, laki, elfu, mia, halafu moyo wa fanksheni ukawa huu, nikiuandika kwa Kiswahili chetu:

kwaManeno(namba) = jina la uzito + kwaManeno(mara ngapi) + kwaManeno(baki)

Namba za chini ya kumi zinachukuliwa moja kwa moja kwenye orodha, na vilevile kumi, ishirini, thelathini mpaka tisini. Hiyo ndiyo sakafu. Fanksheni inayojiita bila sakafu itajiita mpaka kompyuta ichoke. Nami nikapata nafasi ya kukosea tena hapo hapo, kwa sababu niliweka sifuri kwenye orodha kwa nia njema, na risiti ya shilingi elfu ishirini ikatoka "elfu ishirini na sifuri". Makuli waliisoma, wakaipenda, ikawa utani wa wiki nzima. Baki ikiwa sifuri, husemi kitu. Sifuri hutamkwa tu ikija peke yake mlangoni.

Vitabuni mistari ya programu huitwa msimbo, lakini vijana wa Mwanza wanasema kodi, na mimi kila nikisikia "kodi imegoma" akili inakimbilia kwa mwenye nyumba.

Sasa ndipo kazi ya ufundi ilipoanza, kwa sababu hapo tulikuwa na namba zinazosomeka, ila hazijasemwa vizuri. Tatizo lilikuwa "na".

Chukua elfu ishirini na tano. Ni 25,000 au ni 20,005? Kwa herufi zenyewe huwezi kujua. Sokoni hakuna anayekwama, kwa kuwa sarafu ya shilingi tano haionekani tena mkononi mwa mtu, na hakuna dagaa wa bei hiyo. Sokoni watu wanabana maneno zaidi ya hapo. "Laki mbili na hamsini" kila mtu anasikia 250,000, ingawa ukiifuata kwa haki ya lugha ni 200,050. "Milioni moja na mia mbili" ni milioni moja na laki mbili, na atakayeleta shilingi mia mbili juu ya milioni atachekwa. Mtu hujazia kwa kujua biashara. Mashine haijui biashara, haijawahi kunusa Mwaloni, na risiti inaweza kusomwa miaka mitatu baadaye na mtu ambaye naye hajawahi.

Tuliketi na "na" hiyo siku mbili nzima. Suluhisho la kwanza lilikuwa kuiweka kila mahali, na mama mdogo alipoisoma kwa sauti, "mia mbili na hamsini na tano", akasema inasikika kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Ni kweli. Mswahili husema mia mbili na tano, husema mia mbili na hamsini, lakini zikifuatana husema mia mbili hamsini na tano. "Na" inasubiri mpaka mwisho. Mimi nilikuwa tayari kurudi kwenye orodha yangu ya kama-basi: kama baki ni chini ya kumi, kama baki ni makumi kamili, kama sivyo. Mwalimu akakataa. Alikaa kimya, anazungusha kalamu, nje boti ya Kamanga inapiga honi, halafu akasema jambo ambalo bado nalifikiria nikiwa kwenye daladala.

"Tusiiulize namba. Tuyaulize maneno."

Alimaanisha hivi. Fanksheni ikishajiita kwa ajili ya baki, inarudishiwa maneno. Basi itazame maneno hayo: je, yana "na" ndani yake tayari? Kama yanayo, unganisha bila "na". Kama hayana, weka "na". Mwisho. Hamsini haina, basi mia mbili na hamsini. Hamsini na tano inayo, basi mia mbili hamsini na tano. Akaitenga hiyo kuwa fanksheni ndogo peke yake, akaiita unganisha, mistari miwili tu. Na kwa zile namba kubwa, laki na elfu na milioni, akaipa koma mkononi badala ya nafasi tupu. Ghafla 25,000 ikawa "elfu ishirini na tano" na 20,005 ikawa "elfu ishirini, na tano", na ile koma ndogo ikabeba tofauti ya karibu shilingi elfu tano. Tukaipa 1,347,500. Ikajibu: milioni moja, laki tatu, elfu arobaini na saba, na mia tano. Hakuna mahali kwenye kodi palipoandikwa kanuni ya mfuatano huo wote. Ulijitokeza wenyewe kutoka kwenye gundi.

Neno gundi si langu. John Hughes, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu umuhimu wa namna hii ya kuandika programu, alijenga hoja kwamba nguvu yake haiko katika vile inavyokukataza, bali katika gundi mpya inayokupa ya kuunganishia vipande. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta tunazozijua. Alonzo Church alikwishatoa hoja katika miaka ya 1930, kwa karatasi na kalamu, kwamba hesabu zote zinazohesabika zinaweza kujengwa kwa fanksheni peke yake, na John McCarthy akaanza kuunda lugha ya Lisp mwaka 1958, ambamo kitu kujiita chenyewe ni jambo la kila siku. Kutoka Church mpaka benchi letu njia ni ndefu, lakini si ya mbali kama inavyodhaniwa. Mwaka 1986, ndani ya kampuni ya simu ya Ericsson kule Sweden, Joe Armstrong na wenzake walianza lugha ya Erlang, ambayo kitu ukishakipa thamani hakibadiliki tena. Yaani kasha langu la jibu lisingekubaliwa hata dakika moja. Mitambo ya WhatsApp ilijengwa kwa Erlang. Kwa hiyo mama mdogo anapomtumia mteja wake wa Kongo bei ya gunia, saa kumi na mbili asubuhi, dagaa wakiwa bado wanageuzwa juu ya chanja, ujumbe wake unapita katika mitambo ya ukoo huo huo.

Ningeishia hapo kama si magunia.

Risiti ina shilingi, lakini ina mzigo pia, na mama mdogo alitaka mzigo nao uandikwe kwa maneno. Shilingi ni neno la amani: shilingi mbili, shilingi tatu, namba haibadiliki. Gunia halina amani hiyo. Ni magunia mawili, matatu, manne, matano, halafu sita na saba zinapita uchi bila kiambishi, manane inavaa tena, tisa inapita uchi, kumi nayo inapita. Vikapu ni viwili na vitatu. Sangara, kwa kuwa ni kiumbe, ni wawili na watatu. Sita, saba na tisa zilitufikia kutoka Kiarabu, ndiyo maana hazivai. Waswahili wa kale walikuwa na tandatu, fungate na kenda. Fungate imebaki kwa maharusi na siku zao saba, na Msukuma aliyeketi karibu nasi akikokotoa bei ya nyavu bado anaiita saba mpungati.

Nilidhani tutaandika fanksheni nne: ya shilingi, ya magunia, ya vikapu, ya samaki. Mwalimu akauliza kama nina nguo nne za kuvaa mwili mmoja au nina miili minne. Akaandika fanksheni ndogo akaiita vaaMa. Ukiipa mbili inarudisha mawili, ukiipa tatu inarudisha matatu, ukiipa saba inakurudishia saba. Akaandika vaaVi na vaaWa kwa mtindo huo huo. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona likifanywa: akaiingiza vaaMa ndani ya kwaManeno kama vile unavyoingiza namba. Fanksheni ikawa inapokea fanksheni. Unaipa namba na unaipa fundi wa kuivisha, inafanya kazi yake ya kushuka ngazi, na ikifika sakafuni, kwenye namba za chini ya kumi, inamwita fundi.

Kwa shilingi alihitaji fundi asiyefanya kitu. Akaandika fanksheni ambayo ukiipa neno inakurudishia neno hilo hilo, akaiita vilevile. Nilikuwa nimeisoma hiyo kitabuni, fanksheni isiyobadilisha lolote, na nikajiuliza ni mwanahesabu gani aliyekosa kazi mpaka akaibuni. Sasa nikaiona kazini. Shilingi, ndoo na boti havivishi namba nguo, na kwa hivyo vinamwajiri vilevile.

Tukajaribu magunia 22. Magunia ishirini na mawili. Safi. Tukajaribu 202, na hapo mashine ikasema "magunia mia mawili na mawili".

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai. "Mia mawili? Mnatoka wapi ninyi?"

Hajasomea sarufi. Lakini sikio lake lilijua kitu ambacho sisi wawili hatukuwa tumekiona. Magunia ni mawili, ila mia ni mbili. Ile mbili ya kwanza haihesabu magunia, inahesabu mia, na mia haina habari na ngeli ya gunia. Mbili ya mwisho ndiyo inayogusa magunia kwa mkono, ndiyo inayovaa. Ukikumbuka kwamba fanksheni inajiita mara mbili, kwa idadi na kwa baki, dawa ilikuwa mahali pamoja. Baki irithi fundi uliyeletwa. Idadi ipewe vilevile. Mwalimu akabadilisha neno moja katika mstari mmoja, na hesabu ikawa hivi:

kwaManeno(vaaMa, 202) = "mia" + kwaManeno(vilevile, 2) + "na" + kwaManeno(vaaMa, 2)

Mia mbili na mawili. Neno moja, katika pumzi moja, limevaa mara moja na halikuvaa mara moja, na kila mtoto wa Kirumba anayetumwa dukani hufanya hivyo bila kusita. Nimeandika hesabu kwa Kiswahili maisha yangu yote, na ilibidi niione imekosewa kwenye kioo ndipo nijue ina kanuni nzuri kiasi hicho. Nikaikariri njia nzima kurudi nyumbani: watu elfu mbili na wawili, vikapu mia tatu na vitatu, sangara mia nane na wanane.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Ukiipa kwaManeno fundi wake tu na kuzuia namba, unapata fanksheni mpya iliyo tayari, ya magunia peke yake. Mbinu inayowezesha hilo inabeba jina la mwanahesabu Haskell Curry, sawa na lugha ya Haskell ya mwaka 1990. Mwisho wa mwezi tunapitisha orodha nzima ya mauzo juu yake kwa mstari mmoja, na kwa kuwa haina kumbukumbu, haijali risiti ipi imetangulia. Vijana waliomba tuweke "buku" mahali pa elfu. Tuliwabadilishia orodha, ikasema buku tano bila tabu, ila ilishindwa kujua kwamba mia tano ni jero. Hatukuisaidia.

Programu yote imekaa mistari kumi na minane, pamoja na mafundi wake. Naifungua mara kwa mara hata pasipo na kazi, kama mtu anayekwenda kutazama mtumbwi uliopigwa kalafati vizuri.

Mwezi ulipofifia, boti zikarudi usiku, na taa zikajipanga tena mbali kule upande wa visiwa. Asubuhi ya mzigo wa kwanza nilichapa risiti mbele ya mteja, nikamkabidhi mama mdogo. Akavaa miwani. Akasoma mstari wa mzigo kwa sauti mpaka mwisho, akasoma mstari wa fedha mpaka kwenye "tu", akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akageuka nyuma, ambako kuli alikuwa akifunga gunia lililofika nusu, akalipima kwa macho.

"Na hili je, mwanangu? Magunia kumi na mawili na nusu, inajua kusema?"

Nilimtazama mwalimu wangu. Alikuwa ameshavuta kompyuta.